Mume anasema dawa ni feki, mama mkwe ana chupa ya Januari

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, naishi Muheza na mume wangu na mama mkwe. Mwanangu, tumwite Nasra, ana miaka miwili na miezi mitatu. Kwenye kadi ya kliniki mwezi uliopita alikuwa kilo 11. Yaliyotukuta yamepita na mtoto anacheza, ila nyumbani maneno hayajaisha, ndiyo maana nakuandikia.

Alhamisi usiku alishikwa na homa, makamasi na kikohozi. Saa nne nikampa parasetamoli ya maji, kijiko kimoja. Baada ya saa moja hivi akatoka jasho, akaomba chai, tukalala. Saa tisa usiku homa imerudi vilevile. Mume akasema dawa ya duka lile ni feki. Asubuhi akaenda duka jingine akanunua parasetamoli nyingine, pamoja na dawa ya maji ya mafua. Ikawa yaleyale, homa inashuka, inapanda. Mama mkwe akasema mimi nampa kama nalisha kifaranga, akaichukua kazi hiyo yeye, kwa kijiko cha wali, na kumfunika blanketi ili homa itoke.

Ijumaa jioni akatoa kwenye friji chupa ya amoksilini iliyobaki tangu Januari, Nasra alipougua kifua. Sasa tuko Aprili. "Kikohozi ni kilekile," akasema, akampa. Jumamosi jirani akaleta vidonge vitatu vya mseto, dawa ya malaria, vilivyobaki kwa mwanawe. Akapewa kimoja, akatapika palepale. Jumapili akaanza kuharisha, duka la dawa wakatupa fragili ya maji. Hapo tena mtoto akiona kijiko anakimbilia uvunguni.

Jumatatu nikambeba zahanati. Muuguzi akamfunua kifua, akamtazama anavyopumua huku anaangalia saa, akampima malaria kidoleni, hamna. Akasema ni virusi vya mafua, vitaisha vyenyewe. Tuache dawa zote isipokuwa parasetamoli "kwa kipimo chake", na akatupa ORS na vidonge vya zinki. Foleni ilikuwa ndefu, niliona haya kuuliza mengi. Jumatano mtoto mzima.

Sasa mume anasema dawa za watoto ni kubahatisha tu. Mama mkwe anasema amoksilini yake ndiyo iliyomponya. Naomba unieleze kila dawa inafanya kazi gani mwilini, nijue nani yuko sawa. Je, tulimdhuru? Nimzuieje mama mkwe bila kumvunjia heshima? Na Juni watagawa dawa za minyoo, nimpeleke au mwili wake umeshachoka na dawa?

Mama Nasra, Muheza

* * *

Marahaba mwanangu, na pole kwa wiki ile.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu. Nimehesabu aina saba za dawa kwa siku tano, kwa mtoto wa kilo 11. Nimekaa dirisha la dawa miaka mingi na hesabu hiyo hainishangazi. Kilichonitia hofu hasa si chupa ya Januari. Ni kile kijiko cha wali.

Tuanze na parasetamoli, maana ndiyo iliyozua ugomvi. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo inayopanga joto la mwili, mfano wa kile kitasa cha pasi ya umeme unachozungusha kutoka hariri kwenda pamba. Vijidudu vikiingia, mwili hutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini, na hizo ndizo zinazozungusha kitasa kipande juu. Mtoto anatetemeka na kujikunyata kwa sababu mwili wake unahangaika kufikia joto jipya lililopangwa. Parasetamoli hupunguza utengenezaji wa kemikali hizo, kitasa kinarudi chini, na mwili unatoa jasho ili upoe. Hilo ndilo jasho uliloliona saa tano usiku.

Lakini parasetamoli haiui kijidudu chochote. Inafanya kazi kwa muda wa saa nne hadi sita, kisha ini linaiondoa, na kama virusi bado vipo, kitasa kinapanda tena. Umempa saa nne, homa imerudi saa tisa, ni saa tano kamili. Mwambie baba Nasra dawa ile haikuwa feki, ilifanya kazi yake yote na zamu yake ikaisha. Ingekuwa feki, usingeliona lile jasho wala usingeombwa chai.

Sasa kijiko. Mtoto hupewa miligramu 10 hadi 15 za parasetamoli kwa kila kilo yake. Nasra wa kilo 11 anahitaji kati ya miligramu 110 na 165 kwa mara moja. Chupa nyingi za maji zinazouzwa kwetu zina miligramu 120 katika kila mililita 5, kwa hiyo mililita 5 zinamtosha. Wewe na kijiko chako cha "kifaranga" ulikuwa karibu kabisa na kipimo. Juzi nilivitoa vijiko vya kabatini kwangu, nikavijaza maji, nikayavuta kwa bomba la sindano nione. Kijiko kimoja cha chai kilibeba mililita 3, cha pili 6, na cha wali kikafika 13. Mililita 13 za dawa ile ni zaidi ya miligramu 300. Mama mkwe huenda alikuwa anampa karibu mara mbili ya kiwango cha juu kabisa, kila akijaza.

Na hapo hatujaitaja dawa ya mafua. Chukua ile chupa sasa hivi, soma maandishi madogo ubavuni. Dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake, imechanganywa na dawa ya kukausha makamasi na nyingine ya kulevya usingizi. Kama yenu ni ya namna hiyo, mtoto alikuwa anakunywa parasetamoli kutoka chupa mbili kwa wakati mmoja, na hakuna aliyejua. Wateja wangu wengi waliozidisha walizidisha hivyo, si kwa uzembe.

Kuzidisha kunaumiza ini. Ini linapoivunja parasetamoli, sehemu yake ndogo hugeuka kuwa sumu, na ini lina akiba ya kitu cha kuizima sumu hiyo. Kwa dozi ya kawaida akiba inatosha. Ukimwaga nyingi, au ukizidisha kidogokidogo siku mfululizo, akiba inakwisha na sumu inaanza kuua ini lenyewe. Ubaya wake ni kwamba siku ya kwanza mtoto anaweza kuonekana hana neno. Kwa hiyo siku ukigundua amezidishiwa, usingoje dalili, wala usimtapishe. Shika chupa na mtoto mwende hospitali. Dawa ya kuzima sumu hiyo ipo, na inasaidia zaidi ikianza ndani ya saa nane.

Umeuliza kama mlimdhuru. Ini likiumia kwa parasetamoli, mambo hujionyesha katika siku chache zinazofuata: kutapika mfululizo, maumivu upande wa kulia wa tumbo, macho ya njano, usingizi usio wa kawaida. Mtoto ambaye siku zote hizo zimempita akila na kucheza, amevuka. Mshukuru Mungu, kisha kile kijiko kirudishe kwenye wali.

Blanketi nalo halitoi homa. Mwili unatafuta pa kutolea joto, wewe unaufunika. Mvalishe nguo moja nyepesi, mpe vinywaji mara kwa mara. Maji ya baridi ya kumkanda pia acha, yanamfanya atetemeke bure. Na si kila joto linahitaji dawa. Mtoto mwenye homa ndogo, anayecheza na kunywa, mwache mwili wake upigane.

Sasa chupa ya Januari, na hapa nitakaa kidogo, maana mama mkwe si peke yake, nusu ya friji za nchi hii zina chupa kama hiyo mlangoni.

Amoksilini ni ukoo wa penisilini, ile ambayo Alexander Fleming aliigundua London mwaka 1928 kwenye ukungu. Bakteria amezungukwa na ukuta mgumu unaomzuia asipasuke, na kila anapokua lazima aujenge upya. Amoksilini inawazuia mafundi wake wasiunganishe matofali. Ukuta unabaki na mianya, maji yanaingia, bakteria anapasuka. Seli za binadamu hazina ukuta wa aina hiyo, ndiyo maana dawa inampiga bakteria na kumwacha mtoto. Na virusi vya mafua? Havina ukuta kabisa. Ukimpa mtoto mwenye mafua amoksilini, ni kama kumpeleka fundi bomoabomoa kwenye kiwanja kitupu.

Muuguzi yule alipotazama saa alikuwa anatafuta jambo moja: je, kuna nimonia? Mtoto wa mwaka mmoja hadi asiyetimiza mitano akipumua mara 40 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, au chini ya mbavu kukibonyea anapovuta pumzi, hapo tunafikiria mapafu, na amoksilini inakuwa dawa ya kuokoa maisha. Siku hizi mara nyingi tunatoa kidonge cha miligramu 250 kinachoyeyuka kwenye maji kidogo. Januari huenda alikuwa na hilo. Safari hii hakuwa nalo. Kikohozi kinaweza kufanana sikioni na bado kikawa na mambo mengine kabisa kifuani.

Tena ile dawa yenyewe ilikuwa imekufa. Umewahi kujiuliza kwa nini amoksilini ya watoto inauzwa ikiwa unga? Kwa sababu nguvu yake iko kwenye pete ndogo ndani ya umbile lake, na maji huivunja pete hiyo taratibu. Kiwandani wakiichanganya na maji, itafika dukani haina kitu. Ndiyo maana unaambiwa: tikisa unga uachane na kuta za chupa, weka maji yaliyochemshwa yakapoa hadi karibu na alama, tikisa, ngoja povu litulie, kisha ongeza hadi kwenye alama yenyewe. Kuanzia hapo nyingi hudumu siku saba, chache hufika kumi na nne zikikaa kwenye friji. Soma lebo. Ya kwenu ilikaa miezi mitatu, na umeme wetu tunaujua unavyokatika. Kwamba ndiyo iliyomponya, hapana. Mafua yalikuwa yanaelekea mwisho, na dawa iliyofika mwishoni ndiyo hupewa sifa.

Nina swali dogo la pembeni: kwa nini Januari ilibaki? Dozi ya mtoto ikimalizwa sawasawa, chupa huwa imekwisha, au kimebaki kijiko cha kumwaga. Chupa ikibaki nusu, mara nyingi maana yake mtoto alipata nafuu siku ya pili tukaacha, na bakteria wagumu ndio waliobaki hai.

Mseto nao ni hivyohivyo, jirani yako kanipa huzuni. Kwa mtoto wa kuanzia kilo 5 hadi asiyefika 15, dozi ni kidonge kimoja mara sita: cha kwanza, cha pili baada ya saa nane, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili. Jumla sita. Yeye alibakiza vitatu, kwa hiyo mwanawe alikunywa nusu. Mngempa Nasra vilivyobaki, angekunywa nusu nyingine. Watoto wawili, dozi moja, hakuna aliyetibiwa. Dawa hii inaitwa mseto kwa sababu ni mbili katika kidonge kimoja. Artemeta hupiga vimelea haraka sana kwenye damu na kutoweka ndani ya saa chache. Lumefantrini inakuja polepole, inabaki siku kadhaa ikiwawinda waliojificha. Ukikatisha njiani umeua wengi na kuwaachia wachache uwanja. Lumefantrini pia inapenda mafuta: mpe mtoto baada ya maziwa, uji wa karanga au chakula chenye mafuta kidogo, la sivyo nyingi itapita tumboni isiingie kwenye damu. Lakini kwanza kipimo. Kile cha kidoleni hakidanganywi na kidonge kimoja alichotapika, maana kinatafuta protini ya vimelea ambayo hubaki kwenye damu hata siku kadhaa baada ya vimelea kufa. Kimesema hamna, amini hamna.

Fragili nitaipita haraka: inaua amiba na jiadia, vimelea vya tumboni, na bakteria wanaoishi pasipo na hewa ya oksijeni. Kuhara kwingi kwa watoto wadogo ni kwa virusi. Na kuhara kwa Nasra huenda kulitokana na yale mliyomnywesha tangu Alhamisi. Usinunue tena bila kuandikiwa, wala usimpe kamwe dawa za watu wazima za kufunga tumbo. Kwa mtoto mdogo zinaweza kulemaza utumbo, uchafu ukabaki ndani.

Dawa mbili ulizopewa mwisho, zile ambazo hakuna aliyezigombania nyumbani kwako, ndizo zilizofanya kazi kubwa. ORS haifungi kuhara, na wazazi wengi huitupa siku ya kwanza kwa sababu hiyo. Mtoto anayeharisha anakufa kwa kupungukiwa maji na chumvi. Utumbo ulioumwa unashindwa kunyonya maji matupu vizuri, lakini una mlango mmoja unaobaki wazi: chumvi na sukari zikifika pamoja, kwa uwiano wake, zinaingia zimeshikana mikono, na maji yanazifuata. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, dawa ya mishipani iliisha kwenye kambi ya wakimbizi India, na daktari Dilip Mahalanabis akaanza kuwanywesha wagonjwa wa kipindupindu mchanganyiko wa namna hii kutoka kwenye mapipa. Vifo vilishuka kutoka takriban 30 kwa kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4.

Uwiano ndiyo dawa yenyewe. Pakiti ya lita moja iingie lita moja, ambayo ni chupa mbili za maji za nusu lita, pakiti yote kwa mara moja. Ukikoroga pakiti kwenye kikombe, chumvi inazidi na inavuta maji kutoka mwilini badala ya kuyaingiza. Ukiongeza sukari ili apende, au ukampa soda, unamharisha zaidi. Kila akiharisha, mtoto wa umri wake anywe nusu kikombe hadi kikombe kimoja, kidogokidogo. Akitapika, ngoja dakika kumi, endelea kwa kijiko. Iliyopita saa 24 mwaga. Zinki inasaidia ukuta wa utumbo kujikarabati na kinga kuimarika: kidonge kimoja cha miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma siku ya tatu. Mlimaliza? Kama kuna vidonge vimebaki kwenye karatasi yake, unajua nitakachosema.

Kwa kikohozi, dawa za maji za kifua hazina faida ya maana kwa mtoto wa umri huu, na zina hatari. Mwaka 2022 Gambia ilipoteza watoto wapatao 70 kwa figo kufeli, na dawa za kikohozi za maji zilizochanganyika na kemikali ya sumu zikahusishwa. Nasra ametimiza mwaka, kwa hiyo mpe asali kijiko kidogo kwenye maji ya uvuguvugu kabla ya kulala. Aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa.

Sasa mama mkwe. Usimpokonye kijiko, mpe kitu bora kuliko kijiko. Nenda duka la dawa ununue bomba la mililita 5, lile lisilo na sindano, umkabidhi mkononi: "Mama, zahanati wamesema dawa ya Nasra ipimwe kwa hili, na nakuomba uwe mtunzaji wake." Mchoree mstari wa rangi ya kucha kwenye alama yake. Weka daftari karibu na chupa, kila anayempa aandike saa: isipungue saa nne kati ya dozi na dozi, na zisizidi nne kwa saa 24. Bibi anayepewa kazi yenye heshima huilinda kuliko sisi. Nimeona bibi mmoja akimfokea mwanawe kwa kutaka kutoa dawa nusu saa kabla.

Na kumpa kwa bomba kutamaliza mbio za uvunguni. Mkalishe wima, ingiza ncha pembeni ya shavu, sukuma kidogokidogo, ameze, tena. Usimbane pua. Usikoroge dawa kwenye bakuli zima la uji, maana akiacha nusu hujui amemeza kiasi gani.

Kuna siku za kutopima wala kungoja: hanyonyi wala hanywi, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea au haamki vizuri, anapumua haraka au mbavu zinabonyea, kinyesi kina damu. Hapo ni kituo cha afya, usiku au mchana. Kichanga cha chini ya miezi mitatu akiwa na homa tu, nenda.

Dawa ya minyoo, mpeleke Juni. Albendazoli inamnyima mnyoo uwezo wa kunyonya sukari, anakosa nguvu na kufa njaa taratibu kwa siku chache. Mwilini mwa mtoto inaingia kidogo sana, kazi yake iko tumboni. Nasra ameshavuka miaka miwili, kwa hiyo atapewa kidonge kizima cha miligramu 400. Waombe wakisage, watoto wadogo hupaliwa. Na usipoona mnyoo kwenye poti usiseme imefeli, wengi husagika wakatoka bila kuonekana.